Ada Imefutwa, Mzigo Umebaki: Halmashauri Zetu Zinaweza Kufanya Nini?

Ukitaka kujua kama elimu katika kijiji fulani ni bure au si bure, usianze kwa kusoma waraka wa serikali. Nenda shuleni saa ya chakula cha mchana.

Katika shule moja ya msingi tuliyoitembelea wakati wa kazi zetu za kichungaji vijijini, tuliona jambo ambalo mpaka leo tunalizungumza tukiwa mezani. Kengele ililia, watoto wakashika sahani zao na kupanga foleni, mama mpishi akaanza kupakua makande. Lakini kundi la watoto halikupanga foleni. Walitoka darasani wakaenda moja kwa moja chini ya mwembe, wakakaa. Hakuna mwalimu aliyewafukuza wala mwenzao aliyewacheka. Walikuwa wanajua tu kwamba sufuria ile haiwahusu, kwa sababu nyumbani kwao debe la mahindi na kilo za maharage zilizokubaliwa na wazazi hazikuwa zimepelekwa. Mmoja wao alifungua daftari akajifanya anasoma. Baada ya hapo kengele ililia tena, wote wakaingia darasani kwa kipindi cha hisabati, walioshiba na wasioshiba, wakafundishwa somo lile lile na mwalimu yule yule.

Mtoto yule aliyejifanya anasoma hadaiwi ada. Serikali imeshamfutia. Hata hivyo, kuna malipo anayodaiwa kila siku saa sita na nusu mchana, na anayalipa kwa njaa. Sisi tunaamini kwamba malipo ya namna hii hayawezi kumalizwa na Dodoma peke yake. Yanaweza kupunguzwa sana na wale walio karibu na mwembe ule: serikali ya kijiji, kata, na juu ya hao halmashauri ya wilaya.

Tulikotoka

Tuanze kwa haki. Nchi yetu imefanya kazi kubwa katika jambo hili, na mwandishi asiyesema hivyo atakuwa anawadhulumu waliotangulia. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Baadaye hali ya uchumi ilipokuwa mbaya, malipo yakarudi, na watoto wengi wakabaki nyumbani. Kuanzia mwaka 2002, chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ada ya shule za msingi ilikuwa imeondolewa na madarasa yakajaa. Kisha ukaja Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, na tangu Januari 2016 ada ikafutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne. Katika mwaka wa fedha 2022/23 kidato cha tano na cha sita nacho kikafuata.

Waraka Na. 3 wa mwaka 2016 ulifafanua nani awajibike kwa lipi. Mzazi alibakiziwa sare, madaftari na kalamu, chakula cha mtoto anayesoma kutwa, na matibabu. Ukiyasoma kwenye karatasi, ni mambo madogo. Ukiyabeba ukiwa na watoto wanne wanaosoma na shamba la ekari moja, si madogo hata kidogo. Katika nyumba nyingi tulizoingia, ada haikuwa ndiyo gharama kubwa hata kabla haijafutwa. Ada ya sekondari ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Leo kuna wazazi wanaotumia zaidi ya fedha hiyo kwa viatu na sweta tu.

Upande wa shule nako mambo ni magumu. Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Katika utaratibu ulioanza 2016, shilingi 6,000 huenda shuleni na 4,000 hutumika kununua vitabu kwa utaratibu wa pamoja. Piga hesabu mwenyewe. Shule yenye watoto 600 hupata shilingi 3,600,000 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi. Hapo mwalimu mkuu anunue chaki, karatasi za mitihani, vifaa vya ofisi na vya michezo, akarabati mlango uliong'oka. Tena kiwango hiki cha 10,000 kiliwekwa wakati MMEM inaanza, shilingi hizo zikiwa karibu sawa na dola 10. Leo hazifiki dola 5. Kiwango kimesimama pale pale, bei ya boksi la chaki haikusimama.

Ndiyo maana michango hairudi kwa sababu ya ukorofi wa walimu wakuu. Inarudi kwa sababu pengo lipo. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima shuleni, na tangazo lile lilishangiliwa nchi nzima. Lakini tangazo haliwezi kuziba pengo. Mlinzi bado anahitaji kulipwa na maji bado yanahitaji kuchotwa. Kwa hiyo mchango uliotoka kwa mlango wa mbele ukarudi kwa mlango wa nyuma ukiitwa "wa hiari", na aliyeshindwa kutoa hiari hiyo jina lake likasomwa mstarini asubuhi.

Kwa nini halmashauri?

Wapo watakaosema kwamba hili ni jambo la wizara. Sisi tunasema ni la wizara na la halmashauri, na kila mmoja ana sehemu yake. Serikali za mitaa ziliwahi kufutwa nchini mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982, Na. 7 kwa mamlaka za wilaya na Na. 8 kwa mamlaka za miji. Zilirudishwa kwa sababu tulijifunza kwa gharama kwamba mtu aliye mbali hawezi kujua kila kisima kilichokauka. Leo shule za msingi na sekondari za serikali zinasimamiwa na halmashauri. Afisa elimu yuko chini ya mkurugenzi wa halmashauri. Madiwani ndio wanaopitisha bajeti na sheria ndogo. Kijiji ndicho chenye ardhi.

Mafundisho ya jamii ya Kanisa nayo yanatufundisha kwamba jambo linaloweza kufanywa vizuri na walio karibu lisinyang'anywe na walio mbali, na kwamba aliye mbali ana wajibu wa kumsaidia aliye karibu pale anapozidiwa. Waziri hawezi kujua kwamba katika kata fulani watoto wanashindwa Januari kwa sababu mahindi huvunwa Juni. Diwani anajua, kwa sababu na yeye anasubiri mavuno hayo hayo.

Yafuatayo ni mapendekezo yetu. Tumeyapanga kuanzia yasiyohitaji fedha hadi yale yanayohitaji fedha, ili asiwepo wa kusema kwamba hakuna pa kuanzia.

La kwanza: orodha moja, iliyopitishwa, iliyobandikwa

Tuliwahi kuisoma fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza mezani kwa mama mmoja mjane. Ilidai jozi mbili za sare, sweta, viatu vyeusi, suti ya michezo yenye nembo ya shule, madaftari makubwa kumi, mkebe wa hesabu, rimu ya karatasi, jembe, fagio mbili za aina tofauti, ndoo na kiti au fedha ya kiti. Mama yule hakulia. Aliikunja fomu akaiweka ndani ya Biblia, kana kwamba imekuwa ni jambo la kuombea. Binti yake alikuwa amefaulu darasa la saba. Tulipoondoka mwishoni mwa mwezi Januari alikuwa bado hajaripoti shuleni.

Halmashauri inaweza kukomesha fomu za namna hii bila kutoa shilingi moja. Baraza la Madiwani lipitishe kila mwaka orodha moja fupi ya mahitaji kwa shule zote za halmashauri, na shule isiruhusiwe kuongeza hata ufagio bila kibali cha mkurugenzi. Orodha hiyo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule na wa ofisi ya kijiji. Isemwe wazi kipi ni cha lazima, kipi kinaweza kusubiri, na kipi ni cha hiari. Mchango wowote uliokubaliwa na wazazi ulipwe kwa namba ya malipo ya serikali, utolewe risiti, na matumizi yasomwe katika mkutano. Mwalimu asishike fedha na mtoto asitumwe kudai. Kusoma majina ya wasiolipa mstarini kukatazwe kabisa.

La pili: kalenda ifuate mavuno

Shule zinafunguliwa Januari. Katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, Januari ndio mwezi ambao ghala limebaki vumbi, mbegu zimeshafukiwa na palizi imeanza. Fedha inakuja Juni na Julai. Kwa hiyo tunamwomba mkulima alipe kila kitu katika mwezi ambao hana kitu, halafu tunamwita mzembe.

Halmashauri zinaweza kuelekeza kwamba Januari mtoto aripoti akiwa na daftari na kalamu tu, na mengine yafuate kwa awamu baada ya mavuno. Viongozi wa serikali wamekuwa wakielekeza mara kwa mara kwamba mtoto apokelewe hata kama hana sare. Maelekezo hayo yanasikika redioni, lakini hayafiki hadi getini. Afisa elimu kata ndiye wa kuyafikisha, na diwani ndiye wa kumuuliza kama yamefika.

Hapa tuseme neno kuhusu migambo. Kila mwaka, watoto wasiporipoti kidato cha kwanza, kuna mahali wazazi wanakamatwa na kutozwa faini. Mzazi anayemficha binti yake ili amwoze anastahili sheria. Lakini mzazi aliyeshindwa kununua viatu akitozwa faini, fedha ya viatu ndiyo inayokwenda kwenye faini. Kabla mtendaji hajatuma mgambo, na atangulie yeye mwenyewe kwenda nyumbani pale, akae kwenye kigoda, aulize: umekwama wapi? Jibu atakalolipata litamwambia kama anahitaji pingu au anahitaji mita mbili za kitambaa.

La tatu: sare ya kitambaa kimoja, ishonwe hapa hapa

Sare ilianzishwa ili mtoto wa tajiri na wa maskini wafanane. Leo katika shule nyingi inafanya kinyume. Rangi za kipekee, nembo zinazouzwa na duka moja tu, na mabadiliko ya mtindo kila anapokuja mwalimu mkuu mpya vimefanya shati la mkubwa lisimfae mdogo wake.

Halmashauri ipitishe sare ya aina moja kwa shule zake zote za msingi na nyingine kwa sekondari, ya kitambaa kinachopatikana katika soko lolote, isiyo na nembo ya lazima. Mtoto akihama shule asihame na gharama. Nguo iliyomkaa ndogo kaka imfae mdogo.

Kisha tuangalie fursa iliyo mbele yetu. Kwa sheria, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Sheria ya ununuzi wa umma nayo inataka asilimia 30 ya manunuzi itengwe kwa makundi maalumu. Kina mama wenye cherehani wako kila kata. Kikundi kilichokopeshwa cherehani na halmashauri kinaweza kupewa kazi ya kushona sare za watoto ambao wazazi wao hawawezi, kwa bei iliyokubaliwa, na halmashauri ikalipa. Fedha inabaki katani, mkopo unarejeshwa, mtoto anavaa.

La nne: sufuria iwe ya shule, si ya waliolipa

Turudi chini ya mwembe. Hatusemi wazazi wasichangie chakula. Mzazi mwenye uwezo anamlisha mwanawe, na hilo ni jambo la heshima. Tunachosema ni kwamba chakula kikishaingia jikoni kiwe cha watoto wote, na deni libaki kati ya watu wazima.

Ili hilo liwezekane bila waliotoa kunung'unika, lazima pawepo akiba ya kuwafidia wasio na uwezo. Njia ya kwanza ni ardhi. Halmashauri ya kijiji ina mamlaka juu ya ardhi ya kijiji chini ya sheria ya mwaka 1999. Shule nyingi za zamani zilikuwa na mashamba tangu enzi za Elimu ya Kujitegemea, na baadhi ya mashamba hayo yamemegwa kidogo kidogo hadi yakabaki viwanja vya jamaa wa viongozi. Yarudishwe. Yapimwe, yawe na hati. Kijiji kiweke siku mbili za kulima na siku moja ya kupalilia, na afisa ugani asimamie. Wasiachiwe watoto peke yao kazi hiyo, maana walikwenda shuleni kusoma.

Njia ya pili ni ushuru wa mazao. Halmashauri hutoza ushuru kwa mazao yanayotoka kwa wakulima hawa hawa, na tangu mwaka 2017 kiwango ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Ni haki kabisa kwamba sehemu fulani ya ushuru uliotoka katika magunia ya kata irudi katika sufuria za shule za kata, hata kama ni ndogo, mradi ijulikane na isomwe kwenye mkutano. Mkulima atakayeona ushuru wake umegeuka kuwa uji hataficha gunia usiku.

La tano: karatasi

Jambo hili linaonekana dogo, lakini linawatoa watoto darasani. Majaribio ya kila mwezi, mitihani ya muhula na ya utamilifu inahitaji kuchapwa, na shule nyingi hupeleka kazi hiyo kwenye vibanda vya mjini. Gharama inagawanywa kwa vichwa, na mtoto asiyelipa anaambiwa asubiri nje au anakili maswali ubaoni wakati wenzake wameshaanza kujibu.

Halmashauri inunue mashine za kudurufu, moja kwa kila kata au kwa kundi la kata zilizo jirani, iwekwe katika shule yenye umeme, na karatasi na wino vinunuliwe kwa jumla. Ni gharama ya mara moja inayofuta gharama ya kila mwezi. Katika makadirio yetu hakuna ununuzi mwepesi kuliko huu unaoweza kuonekana na wazazi wengi kwa muda mfupi namna hii.

Hapo hapo tuwataje mabinti. Kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike iliondolewa katika bajeti ya mwaka 2018 ikarudishwa mwaka uliofuata. Wakati wakubwa wanaendelea kujadiliana, binti anakosa siku kadhaa za masomo kila mwezi. Halmashauri inaweza kuweka akiba ya taulo katika ofisi ya mwalimu wa malezi wa kila shule. Haihitaji hotuba wala kamera.

La sita: umbali

Shule za kata zilizojengwa kwa wingi tangu mwaka 2004 zimepunguza safari, lakini kata nyingine ni kubwa kama wilaya. Mtoto anayekaa mbali hupangishiwa chumba karibu na shule, kile ambacho watoto wenyewe wanakiita geto. Kodi ya chumba ni gharama, mkaa ni gharama, na kwa mabinti gharama nyingine huja baadaye na hailipwi kwa fedha. Tunazungumza juu ya watoto wa miaka 14 wanaolala peke yao nyuma ya soko.

Halmashauri zimalize kwanza mabweni na hosteli zilizoanzishwa kwa nguvu za wananchi zikaishia kwenye lenta. Ni aibu kuanzisha jengo jipya wakati boma la zamani linaota nyasi ndani. Pale ambapo bweni haliwezekani mapema, kata itambue nyumba za watu wazima waaminifu wanaoweza kupokea wanafunzi kwa kodi nafuu, zikaguliwe na afisa ustawi wa jamii. Na katika vitongoji vya mbali, shule shikizi zipewe walimu ili watoto wadogo wasitembee safari ya wakubwa.

La saba: mfuko mmoja wa elimu, ulio wazi

Hatimaye fedha. Tunapendekeza kila halmashauri iwe na mfuko wa elimu uliowekwa kwa sheria ndogo, unaopata fungu maalumu kutoka mapato ya ndani, na unaopokea michango ya wenyeji walioko mijini na ya makampuni. Katika wilaya zenye migodi, sheria ya madini kama ilivyorekebishwa mwaka 2017 inazitaka kampuni zikubaliane na halmashauri kuhusu mpango wa kurudisha faida kwa jamii. Badala ya kila mpango kuishia kwenye jengo lenye kibao, sehemu iende kwa watoto watakaoingia katika jengo hilo.

Nani asaidiwe? Vijiji tayari vina orodha ya kaya maskini iliyoandaliwa kwa ajili ya TASAF. Hiyo iwe mwanzo, isiwe mwisho, kwa sababu wapo waliosahaulika na wapo walioingizwa kwa undugu. Mkutano wa kijiji uirekebishe kila mwaka, ukisaidiwa na walimu wanaojua nani anakuja bila daftari. Fedha ilipwe kwa shule au kwa fundi, na mtoto asipandishwe jukwaani kupokea madaftari matano huku kiongozi akipigwa picha. Anayesaidiwa ana jina na heshima yake. Kesho atakuwa mwalimu, na wanafunzi wake wataikuta picha ile.

Hoja tunazozisikia

Tunajua majibu yatakayokuja. La kwanza ni kwamba halmashauri hazina fedha. Ni kweli, nyingi zinategemea ruzuku ya serikali kuu kwa sehemu kubwa ya kazi zao. Lakini mapendekezo mawili ya mwanzo hayahitaji fedha, na la tatu linatumia fedha ambazo sheria imeshazitenga. Halmashauri isiyoweza kufanya hata hayo haijakwama kwenye fedha.

Jibu la pili ni kwamba elimu bila ada imewafanya wazazi wabweteke. Wapo waliobweteka, hatukatai. Tumewaona kilabuni saa nne asubuhi. Hata hivyo tumewaona pia wazazi waliobeba mawe na mchanga kwa vichwa ili darasa lipande. Dawa ya mvivu na dawa ya maskini si moja, na kiongozi aliye karibu ndiye anayeweza kuwatofautisha. Ukitumia fimbo kwa wote wawili, mvivu atakwepa na maskini ataumia.

La tatu ni kwamba fedha zitaibwa. Hofu hii ni ya haki. Ndiyo maana tumesema orodha ibandikwe, risiti itolewe, hesabu zisomwe. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Pale unapokaa kweli, na mtendaji akajua kwamba ataulizwa kuhusu magunia sita ya maharage, magunia hubaki sita.

Na sisi je?

Tusingekuwa wakweli kama tungeinyooshea halmashauri kidole na kuficha mikono yetu. Shule nyingi za Kanisa zilitaifishwa baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1969, na zile tulizojenga baadaye zinategemea ada ili ziishi. Tunalijua hilo kutoka ndani, maana wengi wetu tumesoma katika hizo. Lakini fomu za kujiunga na shule zetu nazo ni ndefu. Nazo zina nembo zinazouzwa duka moja. Nazo zimewahi kuwarudisha watoto nyumbani katikati ya muhula. Baadhi yetu tusingefika hapa tulipo kama padre mmoja au jumuiya moja ndogo ndogo isingechanga kimya kimya kwa ajili yetu. Waliobaki nyuma hawakuwa na akili ndogo kuliko sisi. Walikosa mtu wa kuwachangia tu. Kwa hiyo orodha tunayoidai kutoka kwa mkurugenzi, na tuidai pia kutoka kwa wakuu wa shule zetu.

Ufanye nini kesho?

Msomaji wetu, huenda wewe si diwani wala mkurugenzi. Basi nenda kwenye mkutano wa kijiji au wa mtaa wako unaofuata, na uulize maswali matatu. Je, orodha ya michango ya shule yetu imepitishwa na nani, na imebandikwa wapi? Je, shamba la shule lina ukubwa gani, na nani analilima sasa? Je, ni watoto wangapi waliochaguliwa kidato cha kwanza hawajaripoti, na nani amekwenda kwao kuwauliza sababu? Uliza kwa adabu, kaa, subiri jibu. Bajeti za halmashauri hupitishwa katika miezi ya mwanzo wa mwaka, na mahitaji ya vijiji hukusanywa kabla ya hapo. Anayenyamaza wakati huo asilalamike Julai.

Kuhusu yule binti wa fomu ndani ya Biblia, jumuiya ilikaa, ikachanga, akaripoti wiki ya pili ya Februari akiwa na sare ya kuazima. Tulifurahi. Lakini furaha ile ina kasoro, kwa sababu katika kitongoji cha pili tuliambiwa kuna wengine watatu, na kule hatukufika. Hisani inafika pale inapofika. Utaratibu mzuri wa halmashauri unaweza kuwafikia hata wale ambao hakuna aliyewatembelea.